"Bila ugali sijala": uchambuzi wa kisa cha mama mwenye kisukari, Dodoma

Kisa hiki kinatoka kliniki moja ya kisukari mkoani Dodoma. Jina, kazi, mtaa na baadhi ya mambo ya familia yamebadilishwa au kuondolewa. Kimeandikwa kwa ajili ya wauguzi, maofisa lishe, washauri, na ndugu wanaoishi na mtu anayejua vizuri anachotakiwa kula lakini mkono wake unaenda kwingine kila siku.

Hali alipofika

Mama T. ana umri wa miaka arobaini na kitu. Anaishi pembezoni mwa jiji na mumewe, watoto watatu na mama yake mzazi. Alizaliwa na kukulia kijijini, kwenye wilaya kavu za mkoa. Aligunduliwa kuwa na kisukari cha aina ya pili miaka minne kabla.

Siku ya kwanza alikuwa na kilo 91 kwa urefu wa sentimita 158, yaani uwiano wa uzito na urefu wa 36.5 (unene uliokithiri huanzia 30). Kiuno kilikuwa sentimita 108, presha 142/88. Sukari kabla ya kula asubuhi ilikuwa 10.8 (mmol/L, kama namba zote za sukari hapa chini), na kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, HbA1c, kilisoma asilimia 9.4. Alikuwa anatumia vidonge vya kisukari: metformin, pamoja na glibenclamide miligramu 5 kila asubuhi. Hiyo glibenclamide ikumbukwe, kwa sababu ndiyo ilikaribia kuharibu kazi yote.

Somo la lishe alikuwa amelipata mara nyingi. Alipoulizwa mgonjwa wa sukari ale nini, alijibu bila kukosea: mboga nusu ya sahani, wanga robo, kunde au samaki robo, soda aache. Muuguzi aliyempokea aliandika kwenye faili: "Anajua yote. Tusimfundishe tena." Huo ulikuwa uamuzi wa kwanza, na kila kilichofuata kilitokana nao.

Siku yake ilivyokuwa

Kwa wiki moja aliombwa aandike tu, bila kubadili chochote. Daftari la kawaida, safu tano: saa, alichokula, kiasi, njaa kwa alama 0 hadi 10, na wazo lililompitia kichwani kabla hajala. Safu ya mwisho watu wengi huiacha wazi siku mbili za kwanza. Asikaripiwe mtu kwa hilo. Aulizwe kwa mdomo, na mshauri amwandikie, hadi azoee.

Daftari lilionesha hivi. Saa 12 asubuhi, chai yenye vijiko vinne vya sukari na maandazi matatu. Saa 4, chapati mbili na soda ya mililita 350. Mchana mara nyingi hakuna kitu, na safu ya wazo inasema "nimeshakula vingi asubuhi, ngoja nijibane". Saa 10 jioni, chai nyingine ya vijiko vinne. Saa 2 na nusu usiku, ugali mkubwa na mlenda au dagaa, kisha masalio ya sahani za watoto, kisha ukoko.

Hesabu ya sukari ya kuongeza peke yake: kijiko cha chai kina gramu 4 hivi, kwa hiyo vijiko vinane ni gramu 32, na soda ile ina karibu gramu 37. Jumla ni gramu 69. Kwa mtu anayehitaji kalori 2,000 kwa siku, Shirika la Afya Duniani linashauri zisizidi gramu 50, na ikiwezekana zibaki chini ya 25. Ugali wa usiku ulipopimwa kwenye mizani nyumbani ulifika gramu 700, nyuma yake kuna unga usiopungua gramu 200, yaani wanga wa gramu 150 kwa mlo mmoja, usiku, baada ya mchana mtupu.

Alama ya njaa saa 2 na nusu usiku ilikuwa 9 karibu kila siku. Hakuna nia ya mtu inayoweza kushindana na njaa ya 9 mbele ya sufuria.

Imani zenyewe

Mshauri hakumuuliza "unaamini nini kuhusu chakula?" Swali hilo huleta majibu ya darasani. Alichukua tukio moja kutoka kwenye daftari na kulishukia hatua kwa hatua.

"Mama, juzi umeandika umeshiba, halafu ukamalizia sahani za watoto. Ungeviacha ingekuwaje?"
"Vingetupwa."
"Vikitupwa?"
"Chakula hakitupwi."
"Kwa nini hakitupwi?"
Alikaa kimya kidogo, kisha akasema: "Wewe hujawahi kulala njaa."

Hapo ndipo kazi ilipoanzia. Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, takribani Desemba hadi Aprili, na mvua ikikatika Februari mavuno yamekwenda. Wagogo, wenyeji wa mkoa huu, bado wanaitaja Mtunya, njaa kubwa ya mwaka 1917 hadi 1920 iliyokuja na vita, ukame na maradhi. Mama T. aliisikia kwa bibi yake, naye alikuwa ameisikia kwa wazazi wake. Yeye mwenyewe alikulia kwenye nyumba ambayo ghala lilikuwa tupu kila Januari. Kwa mtoto wa nyumba hiyo, kula kilichopo mpaka kiishe ilikuwa akili nzuri kabisa, na akili hiyo ndiyo iliyomfikisha utu uzima. Mtu akiambiwa kwamba imani ya namna hii ni ujinga, anasikia wazazi wake wakitukanwa, na hatarudi kliniki.

Katika vikao viwili zilipatikana imani sita, kila moja kwa maneno yake mwenyewe, na akaipa asilimia ya anavyoiamini. "Bila ugali sijala", 95. "Chakula hakitupwi", 95. "Nikikonda watasema nimekanyaga waya" (yaani nina virusi vya UKIMWI), 90. "Nikishakosea, siku imeharibika", 85. "Dona haipandishi sukari, ni sembe tu", 80. "Chakula cha sukari ni cha wenye hela", 70.

Maneno ya mhusika yasitafsiriwe kwenda lugha ya kitaalamu. Ukiandika "ana mtazamo hasi kuhusu kupungua uzito", umepoteza kila kitu. "Watasema nimekanyaga waya" inakuonesha hofu iko wapi: iko kwa watu. Tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walipotambuliwa Kagera mwaka 1983, mwili unaokonda ghafla nchini mwetu umekuwa ukisomwa na majirani. Mwanamke anayepungua kilo sita anajua atasomwa.

Ilitolewa pia rufaa ya kwenda kwa mtaalamu wa saikolojia. Alikataa papo hapo: "Mirembe? Kwani mimi kichaa?" Kwa wakazi wa Dodoma jina la hospitali hiyo ya afya ya akili linabeba uzito huo, ingawa huduma yake ni ya watu wa kila aina. Timu haikubishana. Mshauri alihamishia vikao kwenye chumba kilekile anachopimiwa sukari, siku ileile ya kliniki. Kabla ya hapo Mama T. alihojiwa kama huwa anakula kwa siri chakula kingi kwa muda mfupi huku akishindwa kujizuia, angalau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu, au kama hujitapisha. Majibu yalikuwa hapana. Yangekuwa ndiyo, rufaa ingesisitizwa, kwa sababu hapo ni ugonjwa unaohitaji tiba yake.

Majaribio mezani

Imani za mwili zilipimwa kwa mwili. Utaratibu ulikuwa mmoja: andika unachotabiri, andika asilimia, fanya, andika kilichotokea, toa asilimia upya.

Dona ilitangulia kwa kuwa inapimika kwa mashine ya sukari. Stripu, vile vibanzi vya kuwekea tone la damu, ni ghali, hivyo zilitumika mbili tu kwa kila jaribio: moja kabla ya tonge la kwanza, nyingine saa mbili kamili baadaye. Usiku wa kwanza sembe kwa kiasi chake cha kawaida: 8.9 ikapanda hadi 15.8. Usiku wa pili dona, kiasi kilekile: 9.1 hadi 14.9. Usiku wa tatu dona nusu ya kiasi, bakuli la kunde na mchicha mwingi: 8.7 hadi 11.2. Aliziangalia namba mwenyewe na kusema, "Kumbe ni wingi." Imani ikashuka kutoka 80 hadi 20 kwa usiku tatu. Dona ina nyuzinyuzi na madini zaidi ya sembe na ni vizuri kuichagua, ila wanga wake ni mwingi vilevile. Uwele na mtama navyo ni hivyohivyo.

"Bila ugali sijala" ilikuwa na utabiri ndani yake: "nisipokula ugali wa kutosha sitalala, nitaamka saa 6 usiku kutafuta chakula." Kwa usiku tatu alikula ugali wa gramu 350, kikombe cha kunde au kipande cha perege wa Mtera, na mboga mara mbili ya kawaida. Ugali haukuondolewa. Kuuondoa kungekuwa kupigana na kabila, nyumba na kumbukumbu kwa pamoja. Usiku wa kwanza aliamka kweli, njaa 6, akanywa maji akalala. Wa pili na wa tatu hakuamka. Imani ikashuka hadi 60, wala haikulazimishwa kushuka zaidi.

Kuna mambo madogo ya mezani ambayo hayapo kwenye vipeperushi, na ndiyo yaliyobeba jaribio hili. Nyumba hiyo ilikuwa inakula sinia moja, na kwenye sinia hakuna anayejua amekula kiasi gani, hivyo alianza kupakuliwa sahani yake, akae palepale na wenzake. Mlenda unateleza: tonge halitafunwi, linamezwa, na sahani inaisha kabla tumbo halijatoa taarifa. Aliombwa aanze na kunde na mchicha, mlenda umfuate. Magadi ya kulainishia mlenda yana sodiamu kama chumvi ilivyo nayo, na kwa presha yake yalipunguzwa hadi kubana kwa vidole viwili. Mafuta ya alizeti yaliacha kumiminwa kutoka kwenye chupa: kijiko kimoja cha chakula kina kalori 120 hivi, na chungu cha mboga kilipimiwa vitatu kwa watu sita.

Kuhusu "cha wenye hela", muuguzi alimpa kazi ya kwenda soko la Majengo na fedha anayotumia kwa wiki kwa soda, chapati na maandazi, aone itanunua nini. Alirudi na choroko, dagaa, mchicha, maboga na karanga, na chenji. Kikao hicho kilikuwa kifupi sana.

"Chakula hakitupwi" haikupingwa hata siku moja. Badala ya kumfundisha kuacha chakula, timu ilipunguza kinachopikwa. Nyumba ilikuwa inasonga unga kilo moja na nusu kwa watu sita, kwa sababu "mgeni akija?" Baba wa nyumba ndiye aliyeshikilia hilo zaidi: sufuria ndogo, kwake, ni nyumba yenye njaa. Makubaliano yakawa kusonga kilo moja, na nusu kilo ya unga ikae pembeni kwenye mfuko, ionekane. Mgeni akifika, ugali unasongwa ndani ya dakika kumi na tano. Ule mfuko ulimtuliza baba kuliko maelezo yoyote.

Wiki ya tatu

Jumapili kulikuwa na kipaimara kwa ndugu. Pilau, soda mbili, keki. Jumatatu Mama T. alijiadhibu: dawa saa 12 na nusu, chai bila sukari, na baada ya hapo hakula kitu. Saa 10 jioni akiwa kazini alianza kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio. Mashine ilisoma 3.2. Mwenzake alimpa soda nzima, akaongeza chapati mbili, na usiku alikula kuliko siku yoyote iliyoandikwa kwenye daftari. Alhamisi alifika kliniki na neno moja: "Mmeona? Mwili wangu haukubali njaa." "Siku imeharibika" ilipanda kutoka 85 hadi 95.

Mshauri alichora mstari kwenye karatasi na kumwomba aweke saa: dawa hapa, chai hapa, mchana mtupu, kutetemeka hapa. Glibenclamide huisukuma kongosho itoe insulini hata pale mtu asipokula. Mwili haukuwa umekataa njaa. Dawa ilifanya kazi bila chakula cha kufanyia. Alipouona mstari alielewa, lakini hofu ilikuwa imeshaingia, na ilichukua wiki tano kutoka.

Daktari alipunguza dozi hadi miligramu 2.5 siku hiyohiyo. Kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari yaliongezwa maagizo mawili. La kwanza: hakuna mlo unaorukwa, na hasa siku inayofuata sherehe. La pili: sukari ikiwa chini ya 3.9, vijiko vitatu hadi vinne vya sukari kwenye maji au nusu chupa ya soda ya kawaida, subiri dakika 15, pima tena, ikiwa bado chini rudia, kisha ule mlo wa kawaida.

Hofu ya macho ya watu

Hii haikuwa na stripu ya kuipimia. Mwezi wa tatu, uzito ukiwa kilo 87, mama yake mzazi alimwambia mbele ya jirani: "Mwanangu, umekwisha. Unaumwa nini?" Wiki ile alianza tena maandazi, na hakuficha sababu.

Yalifanyika mambo matatu. Kasi ilishikiliwa isizidi nusu kilo kwa wiki, ili mwili usionekane umeanguka ghafla. Nguo zilipelekwa kwa fundi zikabanwa, maana gauni linaloning'inia ndilo linalosema "amekonda", kabla hata ya uso. Na aliandaa jibu fupi, akalifanyia mazoezi na mshauri: "Daktari kanipangia, nashukuru nakwenda vizuri." Alitaka kwanza jibu liwe "sina ngoma, nimepima". Mshauri alimshauri aliache: linaendeleza dhana kwamba mwenye virusi ana cha kuficha, na linamfungulia muulizaji mlango wa swali la pili.

Mama mzazi alialikwa kliniki. Alioneshwa miguu ya mgonjwa mwingine aliyekubali, mwenye kidonda cha kisukari. Baada ya hapo akawa yeye ndiye anayepakua sahani ya binti yake, na watoto wanasema hakosei hata tonge.

Matokeo

Baada ya miezi sita: kilo 84.6, yaani pungufu ya asilimia 7. Kiuno sentimita 101. HbA1c 7.6. Presha 134/84. Glibenclamide ilisitishwa mwezi wa tano, metformin ikaendelea. "Bila ugali sijala" 30, "siku imeharibika" 25, "chakula cha sukari ni cha wenye hela" 10. "Watasema nimekanyaga waya" ilibaki 60.

Baada ya mwaka mzima alikuwa na kilo 86.5 na HbA1c 7.7. Kurudi kwa uzito kulianza Septemba, wakati mboga mbichi zimepanda bei na nyumba imerudi kwenye mlenda mkavu na ugali mkubwa, na kukaongezeka likizo ya Desemba kijijini.

Kilichofanya kazi, na ambacho hakikufanya

Jambo zito kuliko yote ni kutenganisha imani za mwili na imani za watu. Ya dona iliangushwa na namba mbili. Ya kukonda isingeangushwa na namba elfu moja, kwa sababu ilikuwa inasema ukweli: watu kweli husema. Mshauri anayejaribu kuthibitisha kwamba majirani hawatasema kitu atashindwa na majirani. Kilichosaidia ni kumpa mama uwezo wa kusimama wakati wanasema, na hata hivyo 60 ni kubwa. Kama timu ingemwalika mama mzazi mwezi wa kwanza badala ya wa tatu, maneno yale mbele ya jirani huenda yasingetamkwa.

Kubadili kinachopikwa kabla ya kubadili kinachoachwa kulikwepa vita ambayo isingeshindwa. Mtu aliyelelewa na njaa anaweza kukubali sufuria ndogo, mradi aone unga upo.

Upungufu mkubwa ulikuwa kwenye dawa. Mpango wa mwanzo ulieleza nini kipunguzwe usiku, lakini haukusema neno kuhusu kuruka mlo, ingawa daftari la wiki ya kwanza lilionesha wazi kwamba mchana hali chochote na anajiadhibu. Mtu yeyote anayetumia glibenclamide, gliclazide au insulini asipunguze chakula kabla daktari hajaangalia dozi, na mashine iwe ndani ya mkoba. Mshuko mmoja wa sukari unaipa imani ya zamani ushahidi ambao vikao vitano havifuti.

Kujipima uzito kila asubuhi nako kulidhuru. Uzito hupanda na kushuka kilo moja hadi mbili kwa maji na chumvi tu, na kila alipoona umepanda, "siku imeharibika" ilipata nguvu. Mwezi wa pili mizani ilihamishiwa kliniki, mara moja kila wiki mbili.

Kisa hiki hakithibitishi kwamba kubadili imani peke yake ndiko kulikoshusha sukari. Alikuwa anakunywa metformin, na kuanzia mwezi wa pili alitembea dakika 30 siku tano za wiki. Yote yalikwenda pamoja, na hayawezi kutenganishwa kwa mtu mmoja.

Kwa Septemba inayofuata mpango umeandikwa mapema: kukausha majani ya kunde na mchicha mwezi wa Aprili yakiwa rahisi, kuweka akiba ya choroko na kunde wakati wa mavuno, kupima HbA1c mwishoni mwa Agosti badala ya kungoja Januari, na kwenda kijijini Desemba na sahani yake mwenyewe kwenye begi.